Maombezi Hayana Bei

Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa maombi. Walikuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Taifa lilisikitika, marehemu wakazikwa, na biashara ikaendelea. Hata leo kuna mahali ambapo mwenye shida hulipa ili amwone mtumishi, hununua chupa ya maji au kitambaa, na asiye na kitu hubaki nje. Jambo hilo halistahili kuitwa maombezi.

Simoni wa Samaria aliwaona mitume wakiweka mikono juu ya waamini, na Roho Mtakatifu akishuka. Akatoa fedha ili auziwe uwezo ule. Petro hakujadili bei. Alimkemea yeye na fedha zake, akamtaka atubu. Karne nyingi kabla yake, Elisha alikataa zawadi za Naamani, jemadari wa Shamu. Gehazi, mtumishi wake, akamfuata mgeni kwa siri na kupokea talanta mbili za fedha na mavazi. Akabaki na ukoma wa Naamani. Nabii mwenyewe alikataa. Aliyepokea ni yule aliyezoea kusimama nyuma yake.

Watetezi wa biashara hii husema mtenda kazi anastahili ujira wake. Kweli anastahili, na usharika unaomwacha mchungaji wake na njaa unatenda dhambi. Lakini kumtunza anayewahudumia wote ni jambo moja. Kumtoza mgonjwa kabla ya kumwekea mikono ni jambo jingine. La kwanza hutolewa na kanisa zima, fukara naye akahudumiwa. La pili humfungia fukara mlango.

Tena husema kwamba kuomba kwake mwenye haki kuna nguvu, kwa hiyo tumtafute mwenye haki huyo. Lakini Yakobo anamtaja Eliya papo hapo kwa sababu alikuwa mtu kama wewe na mimi. Na mgonjwa aliagizwa awaite wazee wa kanisa waje kwake; hakuagizwa akapange foleni. Paulo mwenyewe, mtume, aliwasihi Wakristo wa Roma wamwombee, watu ambao wengi wao hakuwa amewahi kuwaona. Kama waombezi wangekuwa na madaraja, yeye angekaa juu kabisa. Mpatanishi ni mmoja, Kristo Yesu. Sisi wengine wote ni waombaji.

Ubaya wa jambo hili hauishii kwenye fedha. Anayelipia maombi hufundishwa kwamba sauti yake haifiki mbinguni. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa anaambiwa kuwa machozi yake ni dhaifu, atafute maombi ya kununua. Huo ni wizi wa kile alichopewa katika ubatizo. Na mtoto asipopona, ataambiwa imani yake ni haba, au mbegu aliyopanda ilikuwa ndogo. Muuzaji hapati hasara kamwe.

Hata hivyo, wanaokwenda huko si wajinga. Wengi wametoka katika sharika ambazo "nitakuombea" ni namna ya kuagana tu. Jumapili majina ya wagonjwa husomwa haraka kati ya matangazo ya ndoa na ya harambee. Jumatatu hakuna anayebisha hodi. Mtu aliyepuuzwa humfuata yeyote anayemwita kwa jina. Kuwalaani manabii wa mjini bila kurudisha maombezi majumbani ni kelele tupu.

Tusome tena Marko 2. Watu wanne walimbeba aliyepooza, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Marko anasema Yesu aliiona imani yao, si ya yule aliyelala peke yake. Hakuna aliyelipwa, majina yao hayakuandikwa, na hakuna aliyemwacha mgonjwa njiani. Jumuiya zetu ziwe hivyo: mgonjwa anajulikana kwa jina, nauli ya hospitali imechangwa, dawa hazijaachwa, na magoti yamepigwa kando ya kitanda chake. Kazi hiyo haingoji nabii wala chupa ya kununuliwa. Inangoja wabebaji, nao wanapatikana katika kila usharika.