Saa ya kuonyesha au saa ya kutumia?

Jamani vijana wenzetu wa Nyanza-Lac, na ninyi wakubwa wetu wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea juu ya saa. Ndiyo, saa ya mkononi. Tumebishana wiki nzima chini ya michikichi, sasa tunasema wazi hata kama kuna watakaonuna.

Sokoni kuna saa janja mbili ambazo kila kijana anaziulizia. Ya kwanza imeiga Apple Watch Ultra: kubwa, mkanda wa rangi ya chungwa, kioo kinang'aa kama televisheni, jina la kiwanda hakuna. Muuzaji atakuapia kwamba inapima mapigo ya moyo, presha, sukari, kila kitu. Ya pili ni Redmi Watch 3 Active ya Xiaomi, iliyotoka 2023. Plastiki tu, haina mbwembwe. Inazidi bei kidogo, lakini anayeuza ndagala akijibana ataifikia. Wengi wetu wanakimbilia ile ya chungwa. Tunasema wanakosea, tena vibaya.

Kwanza chaji. Wengi wetu hatuna umeme nyumbani, tunalipa kwa mwenye sola, na analipisha kwa kila chombo. Ile ya chungwa inalala kila jioni, maana yake unailipia mara 30 kwa mwezi. Redmi imeandikiwa siku 12. Hizo ni siku za kwenye boksi, tusidanganyane. Ukipokea simu kwayo zinapungua. Lakini hata zikibaki nane, ni mara nne tu kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe ya faranga zako, halafu uje utuambie ipi ni rahisi. (Na waya wake utunze kama kadi ya ukimbizi. Ni wa sumaku, ukipotea hapa hupati mwingine.)

Pili maji. Siye ni watu wa ziwa. Redmi imepimwa kwa msukumo wa maji wa mita 50. Si kwamba uende kuzamia nayo, ila kuvuta nyavu na kunawa inavumilia. Ile nyingine imeandikwa tu kwamba haiingii maji. Mwenzetu aliiamini usiku mmoja tu, asubuhi kioo kilikuwa na ukungu ndani.

Lakini kilichotutoa povu ni sukari. Mama wa mwenzetu mmoja ana ugonjwa wa sukari. Mwanawe akamnunulia saa ya chungwa kwa mapenzi yote, na kila asubuhi ikawa inasema sukari iko sawa. Mama akaacha kwenda kupima kituoni. Kwenda ni mguu, kurudi ni mguu, na saa imeshasema! Alipoanza kuona kiza tulishtuka. Tukaivua ile saa, tukaivalisha ndizi. Ndizi mbivu, jamani. Ikasoma mapigo 72. Ikatoa presha. Ikatoa na sukari, karibu ileile ya mama.

Taa ile ya kijani nyuma ya saa inamulika damu chini ya ngozi na kuangalia mwanga unavyorudi. Ndiyo njia ya kuhesabu mapigo, na saa nzuri inajitahidi. Sukari haipimwi hivyo. Tarehe 21 Februari 2024, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilionya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kwa sababu haikuwa imeidhinisha hata moja. Redmi haidai kupima sukari. Kwetu hiyo ni sifa.

Kuna jambo moja ambalo saa zote mbili hazitakusaidia, na tunalisema ili tusionekane tumelipwa. Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja, na mpaka hauko mbali. Simu ikinasa rezo ya upande ule inajirusha mbele, na saa inaifuata. Mmoja wetu alifika kwenye uhakiki wa majina, akakuta mlango umefungwa, akadhani zoezi limeahirishwa, akarudi nyumbani. Kumbe aliwahi kwa saa nzima. Jina likaitwa, hayupo. Ingia kwenye simu, zima majira ya kujibadilisha yenyewe, weka Bujumbura. Fanya leo.

Na ninyi mnaotuangalia mkono kabla ya uso: "Mkimbizi, na saa ya kisasa!" Tumeshasikia. Anayeitwa kwa orodha saa mbili kamili anahitaji kujua saa kuliko mwenye gari na dereva. Mkitaka kutusaidia, njooni na elimu ya hivi vifaa siku ya mgao, maana muuzaji wa uongo yuko pale kila siku.

Wapo watakaosema basi chukua Casio F-91W, ile ndogo ya tangu 1989, betri miaka saba, haijui simu wala rezo. Kama shida yako ni saa tu, hatuna ubishi.

Yule mama amerudi kupimwa kituoni, kwa tone la damu. Ile saa mwanawe bado anaivaa. Inaonyesha muda, mpaka jioni.