Mtoto aanze kula lini, na ngano je?



Kuna swali linalorudi kila mara katika vikundi vyetu: mtoto aanze kula lini, na je, ngano itamdhuru? Koko mmoja anasema mtoto wa miezi mitatu apewe uji, maana analia usiku. Mama mwingine anasema mkate usimguse mtoto mpaka atimize mwaka mzima. Wote wawili wanampenda mtoto. Lakini mmoja anawahi mno, na mwingine anachelewa bila sababu.

Tuanze na miezi sita ya kwanza. Hapo ni ziwa tu, hata maji hapana. Tumbo la mtoto ni dogo: kila kijiko cha uji mwepesi kinachukua nafasi ya maziwa, na maji ya kisima au ya chemchemi yanaweza kumletea kuhara. Kulia usiku si lazima iwe njaa. Mama anayekwenda soko au shamba anaweza kukamua maziwa yake katika kikombe safi chenye mfuniko. Yakiwekwa pahali pa baridi, penye kivuli, yanakaa vizuri saa nne. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe, si kwa chupa, kwa kuwa chupa ni ngumu kuosha.

Miezi sita ikitimia, usingoje tena. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo, yale yanayotengeneza damu, inakuwa imepungua sana, na ziwa peke yake halitoshi. Hapa kwetu malaria nayo inakula damu ya watoto, kwa hiyo tusiwacheleweshe. Mtoto akiweza kuinua kichwa vizuri, kukaa akishikwa, na kunyoosha mkono kwenye sahani yako, yuko tayari.

Na ngano? Ngano haina mwezi wake wa pekee. Zamani waganga wengi wa Ulaya walishauri ichelewe, kwa kuogopa ugonjwa wa matumbo unaowapata watu ambao mwili wao unaikataa ngano. Lakini mwaka 2014 matokeo ya uchunguzi mkubwa wa aina mbili yalitoka, juu ya watoto wenye ndugu wanaougua ugonjwa huo. Yalionyesha kwamba kuichelewesha ngano hakukuwakinga. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine, wa London, ulionyesha kwamba watoto waliokuwa katika hatari na wakapewa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa uchache kuliko walionyimwa.

Basi baada ya miezi sita, ngano, yai lililoiva kabisa, samaki na karanga vyote vinaweza kuingia. Ingiza kimoja kimoja, kidogo, asubuhi, ili uweze kumwangalia mchana kutwa. Ngoja siku mbili tatu kabla ya kuongeza kingine. Karanga iwe imesagwa laini ndani ya uji. Nzima usimpe kabla ya miaka mitano, itamziba koo. Karanga yenye ukungu itupwe. Asali ingoje mwaka mmoja. Mtoto akivimba midomo, akitoka vipele mwili mzima, au akipumua kwa shida baada ya kula, mkimbize kwa muganga saa ile ile. Akihara muda mrefu na uzito haupandi, mpeleke kupimwa. Usimnyime chakula kwa kubahatisha.

Lakini, bamama, hatari kubwa ya hapa kwetu si ngano. Ni chakula cha aina moja. Mkate uliolowekwa katika chai, uji wa muhogo mtupu, bugali na mchuzi wa chumvi: vyote vinajaza tumbo bila kujenga mwili. Na chai inauzuia mwili kuchukua chuma kutoka kwenye chakula. Mtoto anaonekana mnene, kumbe amevimba. Ndiyo bwaki. Daktari Cicely Williams aliuandika ugonjwa huu miaka ya 1930 huko Ghana, kwa jina la lugha ya Waga, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa ajili ya mdogo wake. Kwa hiyo ukipata mimba nyingine, usimkatishe mkubwa ghafla. Mwache anyonye hadi miaka miwili au zaidi, na sahani yake iwe nzuri.

Sahani nzuri si ya matajiri. Unga wa masoso unatosha kuanzia: vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soya. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusaga, kwani mbichi inasumbua tumbo. Pika uji uwe mzito, usiomwagika ukiinamisha kijiko. Ongeza kijiko cha karanga iliyosagwa au cha mafuta ya mawese. Siku nyingine tia unga wa samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert, au yai, au lengalenga zilizopondwa. Avoka na ndizi mbivu hazihitaji hata moto.

Anza na vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku. Kufikia miezi minane, apate nusu kikombe mara mbili au tatu. Kutoka miezi tisa, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati. Awe na sahani yake mwenyewe, maana katika sahani ya wote wakubwa wanammalizia.

Familia zilizokimbia vijiji na zinazolala kwa wenyeji mara nyingi zina unga wa muhogo tu. Kwao tunasema: ongezeni hata karanga na majani. Na sisi wenyeji tugawane kikombe cha soya.

Kila juma bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Utepe wa mkono ukionyesha nyekundu, chini ya sentimeta 11.5, vilevile. Pakiti za karanga wanazotoa kituoni ni dawa ya mgonjwa. Zisigawanywe wala kuuzwa.

Tunaomba kila kikundi kipitie watoto wake wa miezi sita hadi miaka miwili kabla ya mkutano ujao, na kilete majina ya wanaohitaji kupimwa. Juma lijalo tutaongea juu ya kuhara na maji ya chumvi na sukari.