Nani Kasema Tumechelewa Kiarabu?



Leo tunakuandikieni kutoka Miyuji, Dodoma. Mnajua kwamba tangu 2016, serikali ilipoamua kwa dhati kuhamia huku, wako dada zetu wengi wa visiwani waliofuata kazi au waume bara, nasi tumo. Upepo wa kiangazi tumeuzoea, vumbi tumelizoea, bahari tunaiota tu. Kitu kimoja hatujakizoea, na wallahi hatutaki kukizoea: neno tunaloambiwa kila tukisema tunataka kuanza kusoma Kiarabu. "Mmechelewa."

Neno hilo linakuja kwa sura nyingi. Mmoja anasema lugha hii huingia utotoni, mtu mzima ulimi umeshakauka. Mwengine anasema sawa, someni, lakini kwanza muhifadhi nahau yote, tena mpate chuo, tena mpate mwalimu aliyesoma Madina au Misri, na akishamaliza kuhesabu masharti umeshakata tamaa. Kuna mume anayeuliza kitakusaidia nini jikoni. Na kwa bibi harusi mtarajiwa ndiyo kabisa: "Unaolewa mwezi ujao, umekosa la kufanya?" Madrasa moja mjini ilituambia wazi kuwa darasa la wanawake watu wazima halina faida, tuwalete watoto.

Haya, tujibu.

Kwanza, hilo la ulimi kukauka. Wako dada zetu wangapi, wa bara na visiwani, waliokwenda Omani kufanya kazi za ndani? Wengine wameondoka na miaka thelathini na zaidi, hawajui alifu kwa kijiti. Baada ya miezi michache wanapokea maagizo ya jikoni, wanawabembeleza watoto wa watu, wanabishana na muuza duka, yote kwa Kiarabu. Hakuna aliyewaambia wamechelewa, kwa sababu pale Kiarabu chao kilikuwa na faida kwa mwenye nyumba. Mwanamke yule yule akirudi, akataka kuelewa anachokisoma mbele ya Mola wake, ghafla umri umempita! Kweli, Kiarabu cha jikoni Maskati si fasihi ya Qur'ani, na atakayekuja kwetu na kile atakuta tofauti nyingi. Lakini ulimi ni ule ule.

Pili, tuna mfano bora kuliko huo. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Shifaa binti Abdullah amfundishe Bi Hafsa dua ya kutibu maradhi ya ngozi kama alivyomfundisha kuandika. Hebu tuyatazame haya vizuri. Bi Hafsa alikuwa mke wa mtu, tena mke wa Mtume, na kabla ya hapo aliwahi kuolewa na kufiwa. Mwalimu wake alikuwa mwanamke. Somo lilikuwa la kuandika. Mume alijua na aliridhia. Sasa anayetuambia ndoa ndiyo mwisho wa masomo, amelitoa wapi?

Tugeukie kwa wale wa nahau kwanza, maana hawa ndio wametuvunjia watu wengi, tena kwa nia njema. Wanakupa Ajurumiyya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurrum wa Moroko, aliyefariki mwaka 1323. Kitabu kizuri, kina baraka, na wanavyuoni wetu wamekulia humo. Lakini kimeandikwa kwa Kiarabu kumweleza Kiarabu mtu ambaye Kiarabu keshakiona. Kumpa mama ambaye hajawahi kusema hata "hiki ni kikombe" ni kumpa mtu mapishi ya biriani hali hajui kuwasha moto. Atahifadhi, mashaallah, na mwisho wa mwaka atakuwa na istilahi arobaini za nahau bila sentensi moja ya kwake. Nahau tunaitaka. Tunaitaka baadaye kidogo, ikute maneno ya kupanga.

Upande wa pili wapo wauzaji wa "Kiarabu kwa siku thelathini" kwenye simu. Hao hatuna haja ya kuwapotezea wino. Na sisi wenyewe tusijidanganye: kuandika "habibti" na "shukran" chini ya picha ya hina si kusoma Kiarabu.

Sasa tuanzie wapi? Tunasema hivi, na tuko tayari kubishana: anza na Fatiha. Uanze na maana, kwa sababu maneno unayo tayari. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, kwa hiyo kila siku, ukiacha sunna, unaisoma mara 17. Hakuna mwanafunzi wa Kiingereza duniani anayerudia somo moja mara 17 kwa siku, tena kwa udhu. Kuisoma bila kuelewa kuna thawabu, hatudharau. Lakini ni kama kuwa na sanduku la dhahabu la bibi ukalitia chini ya kitanda, hujawahi kulifungua.

Na ukilifungua unakuta vitu vya nyumbani kwako. Sura nzima ni aya saba. Humo mna hamdu, ndiyo kuhimidi kwetu. Mna rahmani na rahimi, ndiyo rehema, na ndiyo "marehemu", neno ambalo tunalitaja kama maana yake ni maiti kumbe ni aliyerehemewa. Mna milki. Mna ibada ndani ya "na'budu". Mna hidaya ndani ya "ihdina", kama tunavyosema "Mungu akuhidi". Mna neema ndani ya "an'amta" na ghadhabu ndani ya "maghdubi". Mzungu anayeanza Kiarabu hana hata moja kati ya hayo. Mswahili anaanza safari akiwa nusu ya njia, halafu anaambiwa kachelewa!

Siri yenyewe ni kwamba Kiarabu hujenga maneno juu ya herufi za shina, mara nyingi tatu. Kitabu, katibu, maktaba: sikiliza k, t, b. Hukumu, hakimu, mahakama, hekima: h, k, m. Ukishazoea kuzisikia herufi hizo, kila khutba ya Ijumaa inakuwa kama soko ambalo unakutana na watu unaowajua sura lakini ulikuwa hujui majina yao.

Tahadhari lakini, undugu huu unahadaa. Katika Fatiha kuna neno "din", na kila mmoja wetu alidhani ni dini, kama Uislamu. Pale maana yake ni malipo, Siku ya Malipo. Na hapa Dodoma tuna mfano ambao hatuwezi kuuacha: zabibu. Mji mzima unajisifu kwa zabibu zake, na neno ni la Kiarabu, ila kwa Waarabu zabib ni zile kavu tunazotia kwenye pilau. Mbichi wanaziita inab. Ukienda sokoni Maskati ukaomba zabibu, usishangae ukiletewa za pilau. Kwa hiyo kila neno unalolijua, liulize tena. Ndiyo maana tunataka daftari na si kusikia tu: upande mmoja neno la Kiarabu, upande wa pili la kwetu, na katikati alama kama maana zimeachana.

Kwa herufi, msiogope idadi. Ziko 28 na nyingi unazitamka kila siku. Thelathini inakupa thaa, dhahabu inakupa dhali, ghali inakupa ghayn, kheri inakupa khaa. Zinazotaka kazi kweli ni haa ya "Muhammad", ayn, swad, dhwad, twaa, dhwaa na qaf. Saba. Hizo huzipati kwenye karatasi, unazipata kwa mtu anayekusikiliza na kukurudisha, na hapo ndipo tunapomhitaji mwalimu. Majirani zetu wa huku wanaosema "zahabu" na "selasini" wana nyongeza kidogo, na wanaipata, tunawasikia.

Kwa kuandika tuna njia yetu ambayo hatujui kwa nini imeachwa. Andika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Orodha ya sokoni, deni la dukani, jina la mtoto. Bibi zetu waliandika hivyo barua zao kabla herufi za kizungu hazijashika nchi. Mwana Kupona wa Pate, katika karne ya 19, aliyekuwa mgonjwa akamtungia binti yake utendi wa wasia, naye ni wa zama hizo za hati ya Kiarabu. Herufi za "p" na "ch" Kiarabu hakina, na wao walipata namna, nawe utapata. Ukiandika "nyanya, vitunguu, bamia" kila siku kwa wiki tatu, mkono unasahau kuogopa.

Sasa bibi harusi, sogea karibu, maana hili ni lako.

Hata hilo jina lako, kwa Kiarabu "arus" ni bibi harusi mwenyewe. Siku ya nikahi utakuwa chumbani, umefunikwa, umezungukwa na mashoga na wapiga picha. Nje walii wako, au sheikh kwa niaba yake, atamwambia mume "zawwajtuka". Mume atajibu "qabiltu nikahaha". Kwa maneno hayo machache maisha yako yamehama. Qabiltu ndiyo kukubali, neno letu hili hili. "Tu" ya mwisho ni yeye, nimekubali. Na ile "ha" mwishoni mwa nikahaha, ile silabi moja, ni wewe. Somo atakufundisha udi, singo, unyumba na namna ya kupokea wakwe. Nani atakaa nawe robo saa akuelezee "ha"? Tunatumia miezi kuchagua rangi ya kitambaa cha meza, na akdi yenyewe tunaisikia kama muziki wa chumba cha pili.

Na mahari. Bukhari na Muslim wote wamepokea kwa Sahl bin Sa'd habari ya sahaba aliyekuwa hana hata pete ya chuma, akaozeshwa kwa Qur'ani aliyonayo, na kwa Muslim limo agizo la kumfundisha mke. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa visiwani tunaifuata, yanakubali mafundisho kuwa mahari. Basi kwa nini hatuyaombi? Tunajua jawabu la shangazi: mtoto wetu si wa bure. Sawa, shangazi, hatujasema afute fedha. Ongeza. Dhahabu yako na somo lako.

Ila tufanye kwa akili. Tumeona ndoa ambazo mume aliahidi kufundisha, harusi ikaisha, kitabu hakijafunguliwa mpaka leo, na mke anaona haya kudai. Mahari ni deni. Iandikwe ni nini hasa: maana ya Fatiha, tahiyatu na sura kumi fupi, tuseme, na imalizike lini. Kama yeye mwenyewe hajui, na wengi hawajui, alipe mwalimu wa kike. Mchumba akikasirika kwa sharti kama hilo, afadhali umemjua kabla.

Kwa anayetaka kitabu baada ya haya, tunapendekeza Durus al-Lughah al-Arabiyyah ya Dkt. V. Abdur Rahim, vile vya Madina, juzuu tatu. Kinaanza na "hiki ni nini?" kama unavyoanza na mtoto, na nahau inaingia polepole bila kukutisha. Usikinunue mpaka umalize Fatiha.

Sisi huku Miyuji tunakaa baada ya Alasiri, barazani kwa mmoja wetu, nusu saa, simu ndani ya mkoba. Wiki hii tumeingia tahiyatu, na tayari tumeshakuta salamu, rehema, baraka, ibada na shahada. Mwenye mtoto mchanga anakuja naye.