Waacheni Sheikh na Askofu Wapumzike

Kila Idi au Pasaka ikikaribia, au nchi ikianza kunusa mgogoro, magazeti yetu hutoa picha ileile: sheikh na kilemba chake, askofu na msalaba kifuani, wameshikana mikono, mkuu wa mkoa katikati anatabasamu. Nasi tumeipokea kama ushahidi kwamba Waislamu na Wakristo wa nchi hii ni wamoja. Si ushahidi wa lolote. Ile ni itifaki.

Picha hiyo huitambua imani kwa mavazi, na anayetafutwa kwa mavazi lazima asimame mbele ya kamera kama balozi wa wenzake. Serikali ya Tanzania yenyewe haijauliza dini kwenye sensa tangu ile ya 1967. Wapiga picha wetu bado wanahesabu kanzu.

Anayetaka kuona jinsi dini hizi mbili zinavyomwelekea Mungu mmoja siku za kawaida, apande gari la Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Misafara ya pwani ilipita hapo ikiwalipa watemi wa Kigogo hongo, yaani ushuru wa kupita. Msafiri Henry Morton Stanley naye alilipa mwaka 1871. Uislamu ulifika Ugogo, nchi ya Wagogo, kwa njia hiyo, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS wakaja nyuma yake. Wote waliwakuta wenyeji wakimwomba Mulungu mvua. Bado inaombwa, kwa sababu Ugogo una msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na ukikatika katikati, mtama na uwele hukauka. Mpige picha mkulima anayetazama juu katika Januari kavu. Mwingine atakwenda kanisani, mwingine ataswali swala ya mvua, lakini hakuna mhariri atakayejua aandike dini gani chini ya uso ule.

Au aingie hospitali ya Mvumi. Ni ya Waanglikana, na jina lake kwa miaka mingi limebebwa na matibabu ya macho, kwa kuwa vumbi na uhaba wa maji vimeipa Dodoma vikope vya kutosha. Bibi aliyetolewa mtoto wa jicho anafunguliwa bandeji, anamwona mjukuu wake. Atasema Alhamdulillahi au atamshukuru Bwana Yesu. Kamera haisikii, na hapo ndipo uziwi wake unapokuwa na faida.

Mtasema napamba. Mwaka 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje mnyama uliishia kwa mchungaji kuuawa. Sijasahau. Ila picha za kushikana mikono zilikuwepo miaka yote kabla ya hapo, na hazikuzuia kitu. Ugomvi ulizuka buchani, kwenye nyama na kisu, mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyewahi kutumwa.

Na nyama hiyohiyo ndiyo inayobeba maelewano yetu. Katika vijiji vingi, Mkristo anayeoza binti humwita jirani Mwislamu achinje ng'ombe, ili kila mgeni ale. Hakuna waraka uliomwamuru. Jirani anakuja alfajiri na kisu, anataja jina la Mungu, ng'ombe anaanguka. Mchana wote wanakula kutoka sufuria moja, na jioni kwaya inaimba. Kwangu hiyo ni ibada kuliko mkutano wowote wa amani hotelini, wenye bango, posho na chupa za maji mezani. Siku mwenye harusi anapoacha kumwita jirani yake, hapo ndipo pa kuogopa, hata kama viongozi wamekumbatiana asubuhi hiyo.

Wahariri wa picha, Idi ijayo mtumeni mtu wenu huko nyuma ya nyumba, kwenye moto na masufuria. Aombe ruhusa kwanza. Na maelezo ya picha yataje kijiji na kazi inayofanyika. Dini ya mtu msiiandike.