Nani hufunga banda la sungura usiku?

Mama mmoja wa Madale, Dar es Salaam, ameniandikia. Sungura wawili wa wanawe, waliokuwa nyumbani tangu Pasaka, walikutwa asubuhi wamekufa bandani. Hawakuliwa. Mlango ulikuwa umefungwa, ila wavu ulikuwa umechanwa upande wa chini, pengo la kutosha kichwa cha mbwa. Kijana wake wa miaka tisa ndiye aliyekuwa na zamu ya kufunga jioni ile, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za sungura. Mama anauliza ni mnyama gani aliyefanya hivyo, na kama anunue wengine.

Tuanze na kijana. Mama, mchukue mpaka bandani. Mwoneshe komeo lilivyo, kisha mwoneshe wavu. Mlango aliufunga. Kilichoshindwa kazi ni wavu, na wavu walinunua watu wazima. Aambiwe hivyo kwa maneno yaliyonyooka, maana mtoto wa umri huo asipopewa sababu huitafuta mwenyewe, na mara nyingi hujikuta yeye ndiye sababu.

Halafu zamu ile mwondolee. Mtoto anaweza kukata majani, kuosha vyombo vya maji, kufagia. Akisahau siku moja utamkumbusha, utapiga kelele kidogo, mambo yataendelea. Kufunga banda si kazi ya namna hiyo. Ukisahau usiku mmoja, basi. Iwe kazi ya baba au mama, kila jioni kabla ya giza. Mtoto asukume komeo kama anapenda, na wewe usimame nyuma yake. Na isiachiwe dada wa kazi peke yake, ambaye saa hiyo ana sufuria mbili motoni na mtoto mgongoni.

Sasa mnyama. Wavu uliochanwa kwa nguvu na sungura waliouawa bila kuliwa, hapo mimi namshuku mbwa. Mbwa huwafukuza wanaokimbia, huwashika na kuwatikisa, mchezo ukiisha huondoka. Anaweza kuwa wa jirani anayefunguliwa usiku, anaweza kuwa wa hapo hapo nyumbani. Wazazi wengi huniambia "mbwa wetu ameshawazoea". Amewazoea mchana ukiwa umekaa pale. Usiku sungura anaporuka ghafla, mazoea hayo usiyategemee.

Lakini mbwa si peke yake. Nyumba nyingi tunazojenga Madale, Goba, Kibamba na Kigamboni zimeingia kwenye vichaka vilivyokuwa na wenyewe, na wenyewe hawajahama wote. Kuna kicheche, kuna fungo, kuna kanu anayepanda miti kama paka. Ukikuta sungura ana majeraha ya meno madogo shingoni au kichwani na wavu haujachanika sana, fikiria hao. Akitoweka mmoja bila damu wala manyoya, fikiria nyoka, na usiingize mkono bandani kabla ya kumulika kila kona: nyoka akishameza, tumbo hujaa, na tundu aliloingilia huenda lisimtoshe kutokea. Watoto wachanga wa sungura wakipungua mmoja mmoja, ni panya.

Wote hao wanasaidiwa na kitu kimoja, wavu wa kuku. Ule wa waya mwembamba uliosokotwa, wenye matundu ya pembe sita, tunaupenda kwa sababu ni rahisi na fundi anaumaliza kwa mkasi. Unamzuia kuku asitoke. Kumzuia mbwa asiingie ni habari nyingine. Akiuma na kuvuta, unafunguka kama fulana. Sungura hahitaji ukuta wa kumzuia yeye kutoka tu, anahitaji ukuta wa kumzuia aliye nje. Tafuta wavu wa chuma uliochomelewa, waya mnene, matundu ya nusu inchi. Kipimo cha dukani ni kidole chako: kidole gumba cha mtu mzima kikipenya kwenye tundu, panya mdogo naye anapenya, na nyoka mwembamba vilevile.

Wavu huo una bei, najua. Ushauri wangu ni upunguze ukubwa, usipunguze uimara. Jenga chumba kidogo cha kulala cha wavu mgumu na mbao nzito, sungura walale humo. Ua wa kuchezea mchana unaweza kuwa wa wavu hafifu, mradi mtu mzima yuko karibu. Fundi akishapigilia wavu, mwambie apige na ubao mwembamba juu ya ukingo wake pande zote, maana mahali pa kwanza kuachia ni pale kwenye misumari. Mlangoni weka komeo la chuma na kufuli. Kipande cha waya kilichopindwa au kindoana cha dirisha, mbwa anakifungua kwa pua. Kufuli litakusaidia pia na mwizi wa miguu miwili, ambaye Desemba ikikaribia humwona sungura kama mboga.

Ua ulioko chini una mlango mwingine usioonekana, nao ni mchanga. Sehemu nyingi za Dar es Salaam ardhi ni laini, mbwa anachimba dakika chache yuko ndani. Sungura mwenyewe naye anachimba kutoka, ni asili yake. Dawa yake haina gharama kubwa. Kunja wavu chini ya ukuta utokeze nje kama sketi, nusu mita hivi, uulaze ardhini, ufunike kwa udongo na mawe. Mbwa huanza kuchimba pale pua inapogusa ukuta. Akikuta waya chini ya kucha, hajui kurudi nyuma nusu mita aanze upya.

Banda la kulala ni bora liinuliwe kwa miguu, usawa wa kiuno cha mtu. Hapo tatizo huwa sakafu. Ikiwa yote ni waya mtupu, mbwa au paka aliye chini anaweza kuuma vidole vya sungura kupitia matundu, na hata asipokuja mtu, waya huchubua nyayo. Weka ubao sehemu ya kulalia.

Miguu ya banda isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, ile inayomwagwa gereji. Hiyo ni kwa ajili ya siafu. Watu wanacheka nikisema siafu ni adui wa sungura, mpaka mvua za masika zinyeshe na msafara upite uani usiku. Mnyama aliye huru huwakimbia. Aliyefungiwa anakimbilia wapi? Angalia pia tawi la mwembe lisiguse paa la banda, wala majani marefu yasiegemee nguzo, maana hayo ni madaraja. Na makopo hayo yawekewe uzio mdogo ikiwa kuna mtoto anayetambaa.

Kuna jambo wengi hulisahau kwa sababu halifanani na ulinzi, nalo ni pumba. Pumba inayomwagika chini ya banda huwaita panya, na panya humwita nyoka. Nyoka wengi wanaokutwa kwenye mabanda walianza kwa kufuata panya. Kwa hiyo pumba ikae kwenye ndoo yenye mfuniko, masalia yafagiliwe jioni, na lile rundo la matofali lililobaki tangu ujenzi lihamishiwe mbali na banda. Sumu ya panya uani usiweke kabisa. Ina watoto wako, ina kuku wa jirani, ina paka atakayemla panya aliyeshakula.

Mchana nao usiuamini sana. Nguchiro wengi huwinda jua likiwaka, kenge vilevile. Juu kuna mwewe, na kuna kunguru hawa weusi wa Dar es Salaam, wenye asili ya India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kula taka, na leo hula vifaranga vyetu. Sungura mkubwa hawamwezi kirahisi, mdogo wanamchukua. Ua wa kuchezea uwe na wavu juu.

Ukishaziba yote hayo, usizibe hewa. Hili ni muhimu kwetu Pwani. Mzazi aliyeumizwa na mbwa hurudi na mabati na mbao akatengeneza kasha lisilopenya hata mbu, na Februari sungura wanakufa kwa joto. Sungura hatoi jasho kama sisi. Hupoza mwili wake zaidi kwa yale masikio, na joto likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Kwa hiyo pande mbili za chumba cha kulala ziwe za wavu mgumu ili upepo upite, paa la bati liwe na makuti juu yake, na banda likae kivulini.

Ndani weka kijisanduku cha mbao chenye tundu la kuingilia, kisicho na dirisha. Huyu sungura wetu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, na ukoo wake huishi mashimoni. Si yule wa hadithi za bibi anayemlaghai Fisi. Yule wa hadithi ni wa porini kwetu, hulala kwenye majani na kutegemea mbio, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wa kufugwa huzaliwa uchi na kipofu, macho hufunguka baada ya siku kama 10, na maisha yake yote akishtuka anatafuta shimo. Asipolipata, hofu peke yake yaweza kumuua, au anarusha miguu ya nyuma kwa nguvu hadi anavunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Ndiyo maana mbwa anayezunguka banda usiku kucha bila kulifungua bado ni hatari. Ukisikia sungura anapiga mguu chini, dum, dum, toka na tochi. Anawaambia wenzake kuna kitu.

Akishambuliwa na kupona, usiridhike kwa kuwa anakula. Jeraha la jino huwa dogo juu na baya ndani. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, abebwe na mtu mzima mwenye glavu, watoto wasimshike. Na ikiwa katika vurugu hizo mbwa amemng'ata au kumkwaruza mtoto, sungura asubiri. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakina tiba, lakini chanjo ikiwahi humwokoa mtoto.

Anunue wengine? Mimi nasema ndiyo, ila si Jumamosi hii. Kwanza watoto waambiwe wale wawili wamekufa. Kuna wazazi husema "wamekimbia porini" ili kupunguza machozi, na mtoto anakaa miezi akiacha mlango wazi wakirudi. Kama bado hamjawazika, wazikeni pamoja, shimo refu ili mbwa asiwafukue.

Kisha lirekebishwe banda, likae tupu wiki moja. Kila jioni chekecha majivu au mchanga laini kulizunguka, ukipenda weka pumba kidogo ndani, na asubuhi kabla ya shule nenda na watoto mkasome. Mguu wenye alama za kucha mbele ni mbwa, wa mviringo usio na kucha ni paka. Mstari mpana ulionyooka au unaopinda bila miguu ni nyoka. Miguu pande mbili na mkia ukiburuzwa katikati ni kenge. Kijana wa miaka tisa ataipenda kazi hiyo kuliko zamu ya komeo. Alama zikionekana nje tu na pumba ndani haijaguswa, asubuhi saba mfululizo, mkachague sungura. Zikionekana ndani, mwite fundi tena.