Mwanga Unapozipanga Atomu

Maji yakipozwa sana huganda yakawa barafu, na barafu ikitiwa joto huyeyuka ikawa maji. Kila mpishi anayajua mageuzi hayo, na chanzo chake ni joto. Je, yapo mageuzi ya maada yanayoletwa na mwanga? Yapo, na ndiyo tutakayoyazungumzia leo.

Mwaka 2010, katika chuo kikuu cha teknolojia cha Zurich, Uswisi, Tilman Esslinger na wenzake walichukua atomu za rubidiamu zipatazo 100,000, wakazipoza hadi karibu kabisa na kikomo cha baridi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo kila atomu huacha upekee wake, na zote huenenda kama wimbi moja. Hali hiyo ilitabiriwa na Bose na Einstein mwaka 1924 na 1925, nayo ikapatikana maabarani nchini Marekani mwaka 1995.

Wingu hilo la atomu liliwekwa kati ya vioo viwili vinavyotazamana, vilivyoachana kwa nafasi isiyofika milimita moja. Kisha likamulikwa kwa leza kutoka ubavuni. Leza ilipokuwa hafifu, atomu zilibaki zimeenea sawasawa. Ilipoongezwa nguvu ikapita kiwango fulani, zikajipanga kama kete kwenye ubao wa drafti: vyumba vya rangi moja vikajaa, vya rangi ya pili vikabaki vitupu.

Ni nani aliyezipanga? Hakuna. Kila atomu hurusha mwanga kidogo katikati ya vioo, na mwanga huo, ukienda na kurudi, huzifikia atomu zote, za karibu na za mbali. Atomu chache zikianza kufuata mpango, mwanga huongezeka. Nao ukiongezeka, huzivuta nyingine zifuate. Chini ya kile kiwango, tabia ya atomu ya kuenea hushinda. Juu yake, mwanga hushinda. Kwa nadharia, rangi zote mbili za ubao zina haki sawa. Jambo dogo mno huamua ni ipi itakayojazwa.

Mageuzi ya aina hiyo yalikwisha kuonyeshwa kwa hesabu na Klaus Hepp na Elliott Lieb mwaka 1973. Ilichukua miaka 37 kuyaona kwa macho ya vyombo.

Huenda mwanao akauliza, yote hayo ya nini? Mwambie kwamba waya wa umeme nyumbani hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa kupata joto. Zipo maada ambazo zikipozwa hupitisha umeme bila kupoteza chochote, na kwa baadhi yake wataalamu bado wanabishania sababu. Ndani ya maada hizo ni vigumu kuchungulia. Lakini kati ya vile vioo viwili, mwanga kidogo huvuja nje na kutoa habari za atomu wakati uleule zinapokubaliana. Asiyeweza kuingia chumbani hushukuru kupata ufa mlangoni.