Homa ya ini iliyojificha: Mtihani kwa wagonjwa wa figo Kigoma

KWA miaka mingi, mgonjwa wa figo wa Ujiji, Kibirizi au Mwandiga alilazimika kufunga safari ndefu hadi Mwanza au Dar es Salaam ili asafishwe damu. Kadiri huduma hiyo inavyosogezwa karibu na wananchi wa mikoa ya pembezoni, hoja si idadi ya mashine pekee, bali pia usalama wa wanaozitumia.

Hatari mojawapo ni homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Kirusi cha ugonjwa huo huweza kuishi juu ya meza au kifaa kwa siku saba, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Mwaka 1969 na 1970, mlipuko katika kitengo cha figo mjini Edinburgh, Uskoti, uliua wagonjwa na watumishi wa afya.

Mwaka 1977 Marekani ilitoa mwongozo wa kuwapima wagonjwa wote na kuwatenga walioambukizwa kwa chumba na mashine zao. Utaratibu huo uliokoa wengi. Hata hivyo, una pengo.

Kipimo kinachotegemewa hutafuta protini ya gamba la kirusi. Kwa baadhi ya watu, kirusi hujificha ndani ya ini kwa kiwango kidogo mno, hivyo kipimo huonyesha kuwa hawana maambukizi. Watu hao huchanganywa na wazima.

Uchache wa virusi hupunguza uwezekano wa kuambukiza wengine, lakini hauuondoi. Aidha, mwenyewe yumo hatarini. Tangu Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, matumaini ya wagonjwa yamekua. Lakini dawa za kushusha kinga anazopewa aliyepandikizwa huweza kukiamsha kirusi kilicholala.

Tanzania iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Maana yake ni kwamba wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wa mwambao wa Ziwa Tanganyika waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na ndio umri wa wengi wanaougua figo.

Hatua zipo. Kwanza, mgonjwa achanjwe mapema figo zinapoanza kudhoofika, kwani baadaye mwili huitikia chanjo kwa shida na dozi hulazimika kuongezwa. Pili, kiongezwe kipimo cha kingamwili za kiini cha kirusi, ambacho hufichua maambukizi ya zamani. Watakaobainika wapimwe vinasaba vya kirusi.

Tatu, ambayo haisubiri maabara kubwa: glavu zibadilishwe kwa kila mgonjwa, mashine na vitanda vitakaswe kila zamu, na kila mgonjwa ahudumiwe kama aliyeambukizwa. Jibu la “hana” lisiwe ruhusa ya kulegeza kamba.